Tumpe Aliyekataa Majibu Mazuri

Mimi sisifu watu ovyo. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali hii ya misheni, nje kidogo ya Igowole, tangu binti zangu wako shule ya msingi, na sasa wao wenyewe wana watoto. Katika muda huo nimeona wataalamu wengi wakija na kuondoka. Wengine walikimbia baridi ya Mufindi, wengine walifuata mishahara ya mjini. Mmoja aliondoka kwa sababu mtandao wetu haukumruhusu kuangalia mpira, na huyo nilimfungulia geti kwa mikono yangu. Kwa hiyo nikisema nimekutana na mtu anayestahili kusimuliwa, naomba usidhani natia chumvi. Mtu huyo ni Tumpe wa maabara, mwanamke mwembamba, mbishi, mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa.

Tumpe si wa huku kwetu. Ni Mnyakyusa aliyekulia Mbalizi, pale barabarani ukishaliacha jiji la Mbeya unaelekea Tunduma. Mama yake anauza mitumba sokoni, na ukimsikia Tumpe anavyopatana bei ya debe la viazi utajua mara moja amelelewa na nani. Siku ya kwanza alipofika hapa alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, akaniuliza, "Sista Matilda, watu wa huku mnaishije?" Nikamjibu kwamba tunaishi kwa kufanya kazi. Akacheka, akaenda kufanya kazi, na nikaanza kumpenda hapo hapo ingawa sikumwambia.

Kilichompeleka kusomea maabara ni mguu wa kaka yake. Isakwisa aliendesha bodaboda, akagongwa, mguu ukafanya kidonda kisichopona. Kwenye hospitali walikompeleka walimbadilishia dawa kila wiki kwa kubahatisha, hii ikishindwa inaletwa nyingine. Mwishowe usaha ulichukuliwa ukaoteshwe, yaani wadudu wapewe chakula kwenye sahani ya maabara, waongezeke, kisha wajaribiwe kwa dawa moja moja. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na kwao ilichukua zaidi, kwa sababu sampuli ilisafirishwa mbali. Majibu yalipofika, mguu ulikuwa umeshakatwa. Na majibu yalisema kwamba wadudu wale waliogopa dawa moja ya kawaida kabisa, ambayo ilikuwa kabatini muda wote. Tumpe alinisimulia hayo mara moja tu, tukimenya viazi nyumbani kwangu, na hakulia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia kitunguu.

Basi unaweza kufikiri alivyofurahi watafiti walipotuletea kile kifaa. Walikuwa wanakijaribu katika hospitali chache za nyanda hizi, nasi tukabahatika. Ni kidogo, kinatosha kukaa juu ya stuli, na kazi yake ni kujua dawa ipi inawaweza wadudu wa mgonjwa, tena kwa saa chache badala ya siku. Tumpe alitueleza kwenye mkutano wa asubuhi mpaka hata mpishi akaelewa. Kuna kisahani cha plastiki chenye vijia vyembamba. Kila kijia kimepakwa dawa yake, isipokuwa kimoja ambacho hakina kitu. Unawaingiza wadudu humo, na chini ya kila kijia kuna waya mwembamba kuliko unywele unaohisi umeme mdogo sana unaobadilika wadudu wanapokula na kupumua. Wakiendelea kupumua kwenye dawa, dawa hiyo ni kazi bure. Wakinyamaza, imewakamata. Kwa kuwa kazi yake ni kutega sikio mlangoni kwa watu, sisi tukakibatiza jina la Shushushu.

Sasa nikupeleke kwa Fatmabai.

Ukitaja Fatmabai hapa Igowole hakuna atakayekuuliza ni yupi. Duka lake na mwanawe Nizar liko karibu na stendi, na ndani yake unapata sukari, misumari, vitenge, mafuta ya taa na dawa ya maumivu ya kichwa. Babu wa mumewe ndiye aliyelijenga. Fatmabai mwenyewe anaongea Kihehe cha kuwashinda wajukuu wetu, na ukiingia dukani bila kumsalimia "kamwene" hakuuzii kitu mpaka utoke uingie tena. Mama yangu na yeye walikuwa marafiki wa kubadilishana mbegu za maua. Ndiyo maana Julai ile Nizar alipomleta akiwa amembeba mikononi, homa inamtetemesha, akishika kiuno na kutapika, kisha Fatmabai akaniita kwa jina la mama yangu aliyekwisha kufariki, nilimpokea kama ninayempokea mama mwenyewe.

Wodi ya wanawake inapakana na yangu, na siku hizo nilisimamia zote mbili kwa sababu mwenzangu alikuwa likizo. Dkt. Philbert, mganga mkuu wetu, alisema ni maambukizi ya figo, na wadudu wameanza kuingia kwenye damu. Alimwanzishia seftriaksoni, sindano tunayoitegemea kwa mambo mazito. Siku ya pili homa haikushuka hata kidogo, na presha ndiyo ikaanza kushuka. Daktari alimwita Nizar pembeni, mimi nikiwepo, akamweleza bila kuzunguka.

"Huenda dawa hii inahitaji muda kidogo, au huenda wadudu hawaijali kabisa. Nina jenta hapa, lakini jenta inaweza kuumiza figo, na mama ana umri na figo zenyewe zinaumwa. Siwezi kumchoma kwa kubahatisha. Dawa kubwa zaidi mpaka Iringa."

"Basi tumpeleke Iringa," Nizar akasema.

"Kwa presha hii naogopa barabara. Lakini ita gari lisogee. Tumpe anapima. Akituambia seftriaksoni inafaa, tunaendelea nayo na anabaki. Akituambia haifai, tutajua cha kufanya."

Mambo yalikuwa hivyo. Uhai wa Fatmabai ulitegemea jibu moja: ni dawa ipi. Nizar akapiga simu Mafinga gari la wagonjwa lije, wakamwambia halifiki kabla ya jioni, na Tumpe akachukua mkojo wa Fatmabai, akauzungusha kwenye mashine yake, akawasafisha wadudu ili mabaki ya dawa aliyokwisha kuchomwa yasimdanganye, akawaingiza kwenye Shushushu.

Mchana akatoka. Sisi tulikuwa koridoni tukimsubiri, na nikaona uso wake umekunjamana.

"Daktari, majibu haya sitoi," akasema.

"Kifaa kimesema nini?"

"Kimesema dawa zote zinafaa. Seftriaksoni, jenta, sipro, zote mpaka ya mwisho."

Nizar akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Alhamdulillahi. Sasa shida iko wapi, dada?"

"Shida ni hiyo hiyo, kaka Nizar. Zote." Kisha akamuuliza kwa upole, "Mama nyumbani alikuwa anatumia dawa gani?"

"Sipro. Na zile sefiksimu. Akisema tu mkojo unamchoma, nampa siku hiyo hiyo. Toka mwaka jana, simwachi ateseke." Alilisema kwa fahari ya mtoto anayemjali mama yake, na ni kweli anamjali kuliko wengi ninaowajua.

Tumpe akamgeukia daktari. "Wadudu walioonja sipro toka mwaka jana na bado wakafika kwenye figo, leo wanaiogopa? Na hiyo sefiksimu ni ndugu wa seftriaksoni kabisa. Mimi siamini."

Lazima nieleze uzito wa neno hilo. Kila mtu koridoni alitaka majibu yale. Daktari aliyataka, kwa sababu yangemwondolea mgonjwa safari ya hatari. Nizar aliyataka kwa roho yake yote. Mimi niliyataka mpaka nilikuwa nimeshaanza kupanga mto wa Fatmabai. Kifaa chenyewe kilikuwa kimewasha rangi ya kijani kwenye mstari wote. Kumwambia mtu habari mbaya kila mmoja wetu amezoea, lakini kukataa habari njema mbele ya mwenye mgonjwa kunataka moyo wa namna nyingine. Tumpe alisimama pale na makoti yake mawili na hakurudi nyuma.

Nizar akapandisha sauti. "Kwanza mnasema zinafaa, sasa mnasema hamuamini. Mnamfanyia mama yangu majaribio?"

"Kama nisingemjali, ningekupa karatasi ukaondoka," Tumpe akamjibu. "Nipe muda mpaka gari lifike."

Dkt. Philbert si mtu wa kupenda malumbano wala si mtu wa kudharau. Alimtazama Tumpe, akatazama saa, akasema, "Gari likifika nitaamua kwa nilichonacho. Nenda."

Nilimfuata maabara, kwa sababu sipendi kusimuliwa mambo. Alikuwa ameinama kwenye skrini akiangalia kijia kile kisicho na dawa. Akanionyesha. Mstari wake ulitakiwa kupanda, maana wadudu humo hawana wa kuwabughudhi, wanakula na kupumua watakavyo. Badala yake ulikuwa unajivuta chini chini, umepita kiwango cha kukubaliwa na kifaa kwa kunusurika tu.

"Unaona, Sista? Hata hapa ambapo hakuna dawa wamenyamaza. Hawa hawajafa. Wana baridi."

Nikaangalia maabara ile. Dirisha wazi, kama tunavyoagizwa, hewa mbaya isikae. Sakafu ya saruji. Ukungu wa Julai unaingia mpaka juu ya meza. Tumpe akaanza kucheka kile kicheko chake, lakini cha uchungu. Mafunzo ya kifaa kile watu wa maabara walipewa Dar es Salaam, akaniambia, katika ukumbi ambao watu walikuwa wanajipepea kwa makaratasi. Walielekezwa kwamba sampuli na kisahani vikitoka kwenye friji vikae kwanza kwenye joto la chumba, kisha vipimwe. Naye akarudi huku akafanya hivyo hivyo, kwa utii kabisa. Chumba cha Dar es Salaam kingemtosha mdudu yeyote. Chumba cha Igowole mwezi wa saba hakina tofauti na friji ile ile aliyoitoa sampuli. Kifaa kina kipasha joto chake tumboni, lakini kidogo, hakikutengenezwa kupambana na milima hii. Akampigia mwenzake wa Kilolo, ambako nako wanakijaribu kifaa hicho, naye akakiri kwamba wanafanya vile vile, na kwamba siku hizi majibu yao yamekuwa mazuri mno mpaka wanajipongeza. Na nani kati yetu tuliozaliwa kwenye baridi angeliona kosa hilo, wakati chumba kikiwa hakina barafu tunakiona kina joto?

Akainuka ghafla. "Sista, naomba chumba cha njiti."

Chumba cha njiti ni pale tunapowalaza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Ndicho chumba pekee chenye joto la uhakika hospitali nzima, na funguo ziko shingoni kwangu. Nikamuuliza kama amerukwa na akili.

"Mkojo wenye wadudu sugu, uuingize kwa watoto ambao wengine uzito wao haufiki mkate? Hapana. Hata daktari akija kupiga magoti, hapana."

"Natafuta joto tu, Sista."

"Joto kalitafute kwingine."

Wengine wangeninunia mwezi mzima. Tumpe akasema, "Umesema kweli, ndaga," ambayo kwao ni asante, kisha macho yakamng'aa. "Lile boksi lako la vifaranga bado lipo?"

Huku kwetu anayefuga vifaranga miezi ya baridi ana boksi lake. Ni sanduku la mbao lililojazwa maranda ya kiwanda cha kupasulia mbao, katikati unaweka dumu la maji ya moto, juu unafunika blanketi. Vifaranga wanakaa humo kama wako kwenye joto la Kyela. Langu liko nyuma ya nyumba yangu, hapa hapa kwenye nyumba za watumishi, na Tumpe alikuwa amelichungulia mara nyingi akija kuniomba mayai. Tukalibeba sisi wawili kupitia bustani ya kabichi, huku wagonjwa wa nje wakitushangaa. Alimwaga maranda yote ya zamani, akalisugua kwa dawa, akaweka maranda mapya kutoka kwa fundi seremala, tena ndani ya mifuko iliyofungwa vumbi lisiingie kwenye kifaa. Akapanga madumu ya maji ya moto pande zote, akaketisha Shushushu katikati, waya ukatokea pembeni. Kipimajoto nilimpa mimi kutoka chumba cha njiti, nacho nikamwambia hakirudi kwangu tena, nitaomba kingine.

"Joto la mwili wa mtu," alikuwa anajisemea. "Wajione bado wako ndani ya Fatmabai."

Kilichofuata kilikuwa kazi ya uvumilivu. Joto likipanda anafunua blanketi kidogo. Likishuka anabadilisha dumu. Aliweka kisahani kipya na wadudu wapya waliopashwa moto kwanza, na akajiwekea sharti: kabla kijia kisicho na dawa hakijapanda sawasawa, hasomi kingine chochote. Alikifunika kile kipande cha skrini chenye majibu ya dawa kwa gamba la boksi la glovu, macho yake yasije yakamtamanisha.

Maji ya moto yalitoka jikoni, na jiko la hospitali liko mbali na maabara. Mara ya kwanza niliyabeba mimi. Mara ya pili nilipogeuka nikamkuta Nizar nyuma yangu ameshika birika mbili, mikono ya shati imekunjwa. Alikuwa amechoka kukaa kwenye benchi akisikiliza pumzi za mama yake. Toka hapo maji yote aliyabeba yeye, anayafikisha mlangoni, Tumpe anayapokea, anamwambia, "Asante, kaka," naye anarudi jikoni karibu anakimbia.

Gari la Mafinga likafika likaegesha mbele ya wodi. Dereva akafungua milango ya nyuma. Dkt. Philbert alikwenda kumwangalia Fatmabai, akarudi akiwa na uso mkavu, akasimama mlangoni pa maabara. Mgonjwa alikuwa amelegea zaidi. Wakati huo nilisali kwa maneno ambayo mchungaji wangu asingeyapenda, kwa sababu nilikuwa namwamrisha Mungu.

"Tumpe," daktari akasema.

"Umepanda," Tumpe akajibu bila kugeuka.

Mstari wa kijia kisicho na dawa ulikuwa unakwea kama barabara ya mlima Kitonga. Wadudu walikuwa wameamka. Ndipo alipoondoa lile gamba, na sote tukainama. Kwenye seftriaksoni walikuwa wanapanda bega kwa bega na wasio na dawa, hawana habari. Kwenye sipro vile vile. Kwenye sefiksimu vile vile. Mstari mmoja tu ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka.

"Jenta, Daktari," akasema. "Saa ile walinyamaza kwa baridi. Sasa hivi wana joto, wana chakula, wenzao wote wanapumua. Hawa wamenyamazishwa na dawa."

Dkt. Philbert hakuuliza mara ya pili. Alipiga hesabu ya dozi kwa uangalifu kwa ajili ya zile figo, akaniambia tuongeze maji ya dripu na tupime mkojo kila mara. Sindano ya jenta niliichoma mimi. Gari la Mafinga likarudi tupu, na dereva alilalamika mpaka Nizar akampa chai na maandazi akatulia.

Nikuambie ukweli, kesho yake asubuhi homa ilikuwa bado ipo, na niliogopa. Tumpe aliingia wodini akamtazama Fatmabai, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya maabara. Mtu aliyekataa majibu mazuri mbele ya watu wote, na jibu lake yeye likigoma, atajificha wapi? Sikumfuata. Kuna wakati mtu anahitaji kuogopa peke yake. Lakini jioni ile presha ilianza kurudi sawa, na asubuhi iliyofuata nilimkuta Fatmabai amefumbua macho, ananitazama. Akaniita kwa jina langu mwenyewe, Matilda. Akauliza nani kapika chai ya wodini, maana haina tangawizi na sukari yake ni ya kuhesabu punje. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho nimewakataza wauguzi wote, nikamshika mkono nikacheka na kulia kwa pamoja.

Tumpe hakukaa kusifiwa. Siku hiyo hiyo alianza kuwatafuta wagonjwa wote aliowapima toka baridi ianze, akawapima upya ndani ya boksi la vifaranga, mmoja mmoja, na wengine walibadilishiwa dawa. Wale wa mbali aliwapigia simu mwenyewe na kuwaambia kwamba majibu aliyowapa hayakuwa sawa na anaomba warudi. Hakumtupia lawama mwalimu wa Dar es Salaam wala kifaa. Aliwaandikia watafiti, nao wakatuma kipasha joto cha maana pamoja na maelekezo mapya kwa hospitali zote za nyanda za baridi. Nimelala na kuamka hospitalini maisha yangu yote, na bado sijui wangapi kati yetu wangekuwa na ujasiri wa kupiga zile simu. Wadudu wa Fatmabai tuliwapeleka pia Mbeya wakaoteshwa kwa njia ya zamani, na jibu lilipokuja lilisema kama la Tumpe, neno kwa neno. Lilimkuta mgonjwa amekaa kitandani anamsuta mpishi.

Siku ya kuruhusiwa, Fatmabai akasema haondoki mpaka aone kilichotaka kumuua. Nikamshika mkono tukaenda taratibu mpaka maabara. Tumpe akamwekea kiti, akamwonyesha ile mistari kwenye skrini, kidole kwa kidole. Bibi akaitazama kwa makini, kama anavyotazama noti anayoitilia shaka.

"Hawa wanaopanda," akauliza, "ndio dawa haiwafanyi kitu?"

"Ndiyo, bibi. Wameshaizoea."

"Wameizoea wapi?"

Tumpe, ambaye hubishana na daktari, na wauza viazi, na mimi, akainamia mikono yake. Akarekebisha glovu zake. Fatmabai akamsubiri, kisha akajijibu mwenyewe.

"Kwa zile alizokuwa ananipa Nizar."

"Zilikuwa dawa nzuri, bibi," Tumpe akasema polepole. "Ila mlizitumia bila kupima, mara nyingi, na siku nyingine uliacha ukijisikia nafuu. Waliobaki ndio wakajifunza."

"Anajua?"

"Bado. Nilitaka nije dukani leo nimweleze. Kuna watu wengine pia wananunua kwake."

Fatmabai akajifunga mtandio wake vizuri. Aliinuka bila msaada wangu, mara ya kwanza toka aletwe.

"Usije, mwanangu. Wewe ukimwambia atasikia aibu. Mimi nikimwambia atamsikia mama yake."

Nizar alikuwa ameegesha pikapu mbele ya wodi, ametandika blanketi kwenye kiti na kuweka mto wa kuegemea. Akamwingiza mama yake kwa uangalifu, akatuaga kwa kicheko, akawasha gari. Mimi na Tumpe tulisimama dirishani. Tukaona Fatmabai anaweka mkono juu ya mkono wake kwenye usukani, anaongea, hana haraka. Nizar akazima injini. Kichwa chake, ambacho nacho kimeshaanza mvi, kikashuka mpaka kwenye bega la mama yake, na yule bibi akawa anampigapiga mgongoni kama tunavyowafundisha kina mama wapya kuwabembeleza watoto. Tumpe akavuta pazia, akasema wale watu hawahitaji kutazamwa.